Mbuzi Kwenye Kaburi la Chui

Kila ninayekutana naye sokoni ananiuliza jambo moja: Bonifasi, na Ulaya je? Nimejibu mpaka mate yamenikauka. Nikianza kueleza, huyu anakatiza kuuliza kama ni kweli tulikuwa tunachimba dhahabu, yule anataka kujua kama Mamzeli ana mchumba, na pombe ikifika mezani habari inafia pale pale. Ndiyo maana naandika. Shule niliishia darasa la tano, na hilo la tano lenyewe nilikaa karibu na dirisha, kwa hiyo kalamu ikiteleza mnivumilie.

Mnalolijua ni hili. Mamzeli, yule mwanamke wa kizungu mrefu mwenye kofia kama sinia, alikuwa anatafuta vijana wa kumsaidia kuchimba vitu vya watu wa zamani kule Luapula. Malipo hakuna, chakula kipo. Lakini alisema kijana mmoja, atakayewapita wenzake, atapanda naye meli pamoja na masanduku yake hadi Ulaya, kwenda kuyafungua kwenye nyumba ya makumbusho. Mimi nikawatangazia ninyi nyote kwamba huyo mmoja ni mimi, kabla sijashika hata mwiko wake wa kuchimbia. Namna nilivyokubaliwa nairuka. Alihitaji mikono, mimi ninayo miwili.

Kamyo ya samaki

Zilikuwa siku zile Katanga yetu ilipokuwa nchi peke yake. Kona moja ya mji ina askari wa kofia za bluu wa Umoja wa Mataifa, kona ya pili majandarme, askari wetu wa Katanga, na kila kona inataka uinue mikono kwa mtindo wake. Magari yaliyofika Kasenga, bandari ya Luapula, bila maneno mengi yalikuwa kamyo za samaki, maana hata askari anapenda samaki. Zinaenda tupu, zinarudi zimejaa. Nasema tupu, lakini ile harufu haishuki hata siku moja. Ina kiti chake.

Mama alitoka shambani kwetu kule Annexe na furushi: mihogo ya kuchoma, karanga, na vinkubala, wale viwavi wa kukausha ambao nikiwakosa huwa naota ndoto mbaya.

"Unaenda kuchimba shamba ya batu bengine," aliniambia, "na yetu njo inakushinda?"

"Mama, hii si kulima. Ni science."

"Basi hiyo science ikuletee jembe, juu ile yako iko inalala tangu mwaka jana."

Halafu akageuza uso akajifanya anafukuza kuku, na hapakuwa na kuku.

Shoferi aliitwa Musonda, mtu mnene aliyetafuna muwa toka tulipopita njia panda ya Luano mpaka gurudumu la kwanza lilipopasuka. Lilipasuka mapema tu, mji ukiwa bado unaonekana nyuma yetu. Tukakaa kivulini mwa kamyo tukingoja kiraka kikauke.

"Kule munachimba nini?" akauliza.

"Byungu. Bya zamani."

"Byungu." Alitema makapi ya muwa. "Ku soko byungu biko mingi, hata haichimbiwe."

"Ya soko ni ya sasa, Baba. Ile ni ya bankambo, babu zetu ba zamani."

"Iko na nyama ndani?"

"Hapana."

"Basi banakudanganya, mutoto. Muzungu hawezi kutoka kwabo na bateau, meli muzima, juu ya chungu bila nyama. Kule chini kuko kitu."

Mpaka jua linazama alikuwa amenipangia utajiri wangu wote na namna tutakavyougawana.

Kizuizi

Kizuizi kilikuwa mapipa mawili na mti umelazwa juu yake. Jandarme aliyetusimamisha alikuwa na bunduki mpya na viatu visivyolingana. Alinitazama toka juu hadi chini, akaona mwiko mdogo nilioazimwa na Mamzeli ukining'inia kiunoni.

"Iko nini hii?"

"Ya kuchimbia, Chef."

"Unachimba nini? Trou, shimo ya kujificha? Weye iko mutu wa kofia bluu?"

Nikamweleza habari ya vyungu, na kwamba Mamzeli anatumaini kupata misalaba ya shaba iliyokuwa pesa ya wahenga. Hapo akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Misalaba ya shaba? Akaonyesha bendera yetu iliyofungwa kwenye mti, ile yenye misalaba mitatu. "Tatu iko pale! Mwambie Mamzeli asisumbuke, akuye kuangalia bure!"

Lakini mkubwa wake, sajini mwenye jino la fedha, hakucheka. Alisema mtu akidai ni mchimbaji, athibitishe. Wakanipeleka nyuma ya hema na kunionyesha mahali pa kuchimba choo cha kambi. Nikasema mwiko wangu ni wa kazi laini. Wakanipa sepetu.

Sikieni, choo kile kilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kisayansi. Nilichimba kuta zikasimama wima kama Mamzeli alivyonieleza, maana nilitaka kujizoeza. Chini nikapata kigae chenye mistari, nikaruka juu nikipiga kelele. Majandarme walilala chini na bunduki zao wakidhani nimekanyaga bomu. Kilikuwa kigae cha sahani ya kambi, cha juzi tu. Baada ya hapo walinipenda. Tulikula sardini za kopo kwa bukari, ule ugali wetu, uliopoa, na sajini akaniomba nimletee msalaba mmoja wa kumpa mkewe. Musonda alikuwa amelala muda wote huo na miguu nje ya dirisha.

Mtumbwi wa Chui

Kasenga kuna joto la kukufanya uonee wivu samaki walio kwenye barafu. Nililala chini ya turubai la wavuvi, mbu wakanitia alama kama ramani, na asubuhi nikatafuta mtumbwi wa kunishusha mtoni hadi kijiji alikonitangulia Mamzeli. Ng'ambo ya mto ni Rhodesia ya Waingereza, lakini kuvuka kulikuwa kumekatazwa. Askari walikaa ukingoni wakihesabu kila kasia.

Mpiga kasia alikuwa kijana wa rika langu. Alipoona nafungua furushi la Mama akauliza, bila salamu: "We mwina nani?"

Anauliza ukoo. Hapa mjini tunazidi kusahau mambo haya, basi nawakumbusha. Kwa mama yangu sisi ni bena Mbushi, watu wa Mbuzi. Watani wetu ni bena Ngo, watu wa Chui, kwa sababu ambayo mbuzi yeyote anaweza kukueleza. Mtani anakutukana na huruhusiwi kukasirika. Anachukua kitu chako na huruhusiwi kudai. Na akifiwa Chui, ni Mbuzi wanaochimba kaburi, wanaoshika maiti, wanaomtukana marehemu mbele ya wafiwa ili kilio kisiwaue watu. Wafiwa wenyewe hawagusi kitu.

"Mwina Mbuzi," nikajibu.

Aliweka kasia chini, akachukua furushi lote la vinkubala, akala mmoja mmoja akinitazama machoni.

"Ni chakula ya mama yangu!"

"Njo bile, ya mbuzi ni ya chui. Tangu lini mbuzi anakula nyama? Weye, majani iko pale ku ukingo."

Nilijaribu kununa, nikashindwa. Tulifika kijijini tukitukanana kama ndugu.

Kuosha chungu

Kuchimba kwa kizungu si kuchimba. Ni kufagia. Unapiga magoti juu ya kilima mahali walipofunga kamba za mraba, unakwangua udongo kidogo kuliko chumvi ya kutia kwenye yai, unafagia kwa brashi, unaita "Mamzeli!", anakuja, anainama, anasema "Jiwe", anaondoka. Siku nzima ni hivyo. Udongo unapitishwa kwenye chekeche na vumbi lote linaingia puani mwa mwenye chekeche. Mwenye chekeche ni mimi.

Wenzangu walikuwa vijana wa kijiji, na kijiji chote ni Chui. Mbuzi wa pale walikuwa wamehamia ng'ambo, Rhodesia, kukimbia vita, mto ukafungwa nyuma yao. Kwa hiyo matusi yaliyokuwa yanawangoja Mbuzi wote wa nchi ile yalimwangukia Bonifasi. Aliyeongoza ni Mama Kabwe, mama mzee wa ukoo, mwembamba, mwenye kiko, aliyekuja kila asubuhi na kigoda chake kukaa kando ya shimo.

"Bachui, angalieni," anasema. "Mbuzi iko inatafuta majani chini ya udongo. Juu imemaliza."

"Jambo sana, Mama Kabwe. Jino lako limeamka salama?"

"Limeamka na njaa ya mbuzi."

Chakula kilikuwa samaki. Asubuhi samaki, mchana samaki, jioni samaki wa mchana.

Siku niliyotoa chungu changu cha kwanza kikiwa kizima, Mamzeli alinishika mkono akasema "Bravo, Bonifasi!" Nikaona meli kabisa, na mimi juu yake nimevaa koti. Akaniambia nikisafishe. Basi niambieni ninyi mliolelewa na mama zenu: chungu kina masizi nje na ukoko ndani, na mama amesema safisha, utafanyaje? Nilikipeleka mtoni nikakisugua kwa majivu na mchanga mpaka kikang'aa. Niliporudi, Mamzeli alikitazama akakaa chini kwenye udongo.

"Masizi iko wapi?"

"Imetoka yote, Mamzeli. Hata ndani."

Kumbe masizi na ukoko ndivyo alivyovitaka. Ndivyo vinavyomwambia walikula nini. Alilia kidogo, nami nikalia naye kwa heshima. Akaniambia nikiharibu tena nitarudi mjini na kamyo ya samaki, akanirudisha kwenye chekeche, na kwa siku kadhaa meli ikasafiri bila mimi.

Mama Kabwe tu ndiye aliyenitetea. "Amesugua muzuri," alisema. "Chungu ya muchafu njo unapeleka Ulaya? Watasema siye batu gani?"

Bibi

Kisha tukampata Bibi.

Kijana mmoja alikuwa anafagia kona ya chini, brashi ikagusa kitu cheupe cha mviringo. Aliruka nje ya shimo bila kugusa ukingo. Wenzake wakafuata. Kabla Mamzeli hajafika, habari ilikuwa imeshuka kijijini, na wanawake walikuwa wanapanda kilima wameshika vichwa.

Mamzeli aliwaambia mtu huyu ni wa zamani sana, hakuna anayemjua. Mama Kabwe akajibu, "Kilima ni ya bena Ngo. Anayelala hapa ni wetu. Kama hatumujue jina, basi yeye anajua yetu."

Kazi ikasimama. Chui hawezi kumgusa Chui aliyekufa. Wote wakakaa chini kuzunguka shimo, kisha mmoja baada ya mwingine wakageuza macho kwenye chekeche.

"Mbuzi," akaita Mama Kabwe. "Unangoja barua?"

Nilikuwa nimewahi kuona matanga ya utani nikiwa mdogo, lakini kuingia mwenyewe ni jambo jingine. Nikashuka shimoni, nikapiga makofi ya heshima, nikafungua mdomo:

"Ee Bibi Chui! Ulikula bambuzi ngapi mpaka meno ikaisha hivi? Leo mbuzi anakuvua shuka, na makucha yako iko wapi?"

Juu, mtu akaangua kicheko. Mwingine akaanza kulia, na punde vilio na vicheko vikawa kitu kimoja. Nikaendelea kumtukana huku nikifagia. Nilimtukana pua, nikamtukana mapishi, nikauliza mumewe alikimbilia wapi. Mamzeli alitabasamu hadi ukingo wa kofia yake. Kwake yeye ruhusa ilikuwa imepatikana. Kwa wale wengine matanga yalikuwa yamefunguliwa. Na mimi, kwa akili yangu, sikuona la kumweleza Mamzeli: nani duniani anamfunua marehemu na asimfunike?

Bibi alikuwa amelala ubavu, magoti kifuani, mkono chini ya shavu, kama mtoto aliyechoka kucheza. Kwenye mkono wa pili bangili nyembamba ya shaba. Vyungu vitatu kichwani pake, na kiunoni misalaba midogo. Meno yalikuwa yamelika kweli, na hapo niliona aibu kwa lile tusi. Nilimfagia polepole kuliko nilivyowahi kufagia kitu. Mamzeli alipiga picha, akapima, akachora kila mfupa, na jioni akaniambia mbele ya wote: "Bonifasi, meli ni yako." Ninyi mngekuwapo mngeniona nikicheza.

Lakini kesho yake wanawake hawakwenda shambani, wala keshokutwa yake. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa Rhodesia, mbegu za mahindi zimeshatolewa ghalani, na jembe hata moja halikugusa ardhi. Nikamuuliza Mama Kabwe kulikoni.

Kwa mara ya kwanza hakunitukana. "Bibi iko wazi," alisema. "Matanga haijafungwa. Bachui hawawezi kulima mpaka mbuzi aliyemufunua amufunike. Mvua ya kwanza ikipita bila mbegu, batoto batakula nini? Samaki na machozi?"

Nikaenda kwa Mamzeli. Nilimkuta anapigilia misumari sanduku refu, na ndani yake nyasi laini. Nikamweleza yote.

"Lakini Bibi anaenda na sisi," akasema, akinishangaa. "Atakaa nyumba ya vioo, nzuri sana. Watu wote wataona. Wewe utafungua sanduku. Njo kazi yako ile!"

Ndugu zangu, niliifikiria ile meli. Niliifikiria toka kidatu hadi bomba la moshi. Nikawafikiria ninyi pia, mnavyocheka. Kisha nikatazama chini kijijini: wanawake wamekaa mbele ya nyumba zao mikono mapajani, mvua ikinuka, na majembe yameegemea ukuta.

Kwenye matanga, Mbuzi ana haki moja kubwa. Anaweza kukaa njiani na kuzuia maiti isipite mpaka apewe anachotaka. Kwa kawaida anataka kuku. Nikaenda, nikakaa juu ya sanduku.

"Bonifasi, toka."

"Mbuzi hatoki mpaka alipwe, Mamzeli." Nilitaka sauti ya kiume, ikatoka ya mbuzi hasa.

"Unataka nini?"

"Bibi."

Vijana waliokuwa wanafunga vyungu wakaacha kufunga. "Umemuchora," nikasema. "Umemupima, umemupiga picha mpaka ndani ya pua. Yeye mwenyewe abaki."

"Ukifunika ile shimo," akasema polepole, "bateau hakuna. Unajua?"

"Najua, Mamzeli."

Na machozi yakanitoka, ya kweli, mengi, na makamasi juu yake. Mbuzi hatakiwi kulia kwenye matanga ya Chui. Nilivunja desturi pale pale nilipokuwa naishika.

Mamzeli angeweza kuwaita majandarme. Hakuwaita. Aliuliza tu, kwa sauti ya kuchoka, "Na byungu?"

Mama Kabwe, aliyekuwa amefika na kiko chake, akajibu kabla yangu: "Byungu achukue. Bibi atakopa ku jirani."

Nikashuka shimoni. Bangili ilikuwa kwenye kiboksi cha pamba. Niliirudisha mkononi mwake. Nilimwambia asinililie mimi mbuzi wa mjini, nikamtukana magoti, nikarusha udongo wa kwanza kwa mkono, kisha sepetu. Chui walipiga vigelegele. Nilipoinua uso, Mamzeli alikuwa amesimama ukingoni na kofia ameishika mkononi, nywele zimelowa. Mvua ilikuwa imeanza.

Kurudi

Nilirudi na samaki, kama Mamzeli alivyokuwa amenitisha siku ya kile chungu. Mamzeli hakunifukuza kwa ukali. Alinipa mkono na kiatu kimoja cha mpira nilichokuwa nimekipoteza kwenye udongo. Aliyepata meli ni mmoja wa wale vijana wa Chui, kijana mwangalifu asiyesugua kitu, na namtakia baridi njema.

Asubuhi ile ya kuondoka nilishuka mtoni peke yangu. Hakuna aliyenisindikiza. Nilisimama kwenye mtumbwi kutafuta hata mkono mmoja wa kuniaga, nikawaona wote wako shambani juu ya ukingo, mstari mrefu wa migongo imeinama, majembe yakipanda na kushuka. Moyo ukaniuma, halafu ukaacha.

Mpiga kasia alikuwa ameshasukuma niliposikia sauti.

"We Mbuzi!"

Alikuwa Mama Kabwe, mwisho wa mstari, kikapu cha mbegu kiunoni.

"Usikufe kabla yangu! Batu bako bamekimbia, nani atanizika?"

"Nitakuya!" nikapiga kelele. "Nitakutukana mpaka ng'ambo basikie! Nitasema ulikuwa mubaya, na muchoyo wa tumbako!"

"Ukuye na tumbako yako!"

Hakuinua mgongo kunitazama. Aliangusha mbegu, akaifukia kwa kisigino, akasogea mbele.